Kwaya ya Akina Baba Isiazimiwe Sauti



Mwaka huu tuko mafrateri watatu, wote wa falsafa, tunaofanya utume wa mwisho wa juma katika parokia moja iliyo mbali kidogo na seminari. Tumepewa kazi mbili: katekesi ya watoto, na kuisaidia kwaya ya akina baba. Tunaandika juu ya hiyo ya pili. Kuna jambo tulilishauri sisi wenyewe, likakubaliwa, likafanyika, na sasa tunaona tulikosea. Na kwa kuwa parokia nyingi hufanya vivyo hivyo kila sikukuu kubwa inapokaribia, tumeona tusikae nalo kimya.

Kwaya yenyewe ina wanaume kumi na wanne. Haikuundwa na kikao, wala haikuanza na sare. Ilianzia msibani. Misiba yetu inajulikana: akina mama ndani, akina baba nje, moto katikati, na usiku mrefu. Usiku mmoja akina baba wa jumuiya mbili walichoshwa na spika iliyokodiwa, wakaizima, wakaimba wenyewe. Kesho yake maziko yakaangukia siku ya kazi, kwaya kuu haikupatikana, wakaimba wao. Tangu hapo maziko ya katikati ya juma ni yao. Mmoja ni fundi seremala, wawili ni madereva wa bodaboda, yuko mwalimu mstaafu, yuko muuza mkaa, na yuko mlinzi wa usiku ambaye huingia Misa ya kwanza akitoka zamu, koti la kazi likiwa bado mwilini. Wanaosoma nota ni watatu. Wengine hushika sauti kwa sikio, na wakishaishika hawaiachi, hata kama wameishika vibaya.

Tulipowasikia kwa mara ya kwanza tuliangaliana. Seminarini tumezoea sauti zilizofundishwa, na mmoja wetu hupiga kinanda. Tulisikia mngurumo, maneno hayasikiki, na tukaamua siku ileile kwamba hawa wazee hawana sauti.

Hapo ndipo kosa la kwanza. Karibu nyimbo zote tunazoimba kanisani zimeandikwa kwa sauti nne: soprano, alto, teno na besi. Wanaume peke yao wakiziimba kama zilivyo kwenye karatasi, wanaoshika soprano na alto hushuka oktava nzima. Alto huangukia palepale alipo teno, mara nyingine chini yake. Teno naye, ambaye mtunzi alimweka wa tatu kwa kimo, hujikuta yuko juu ya wimbo wenyewe na kuufunika. Sauti tatu zinagombania chumba kimoja, besi anabaki peke yake chini, na msikilizaji anasema hawajui kuimba. Wanaonewa. Tatizo liko kwenye karatasi.

Dawa yake ipo, wala si siri kwa anayejua nota. Ufunguo hupandishwa, wimbo wa Do ni F ukaimbwa labda Do ni A, ili teno wa kwanza waubebe wimbo pale ambapo sauti yao inang'aa. Sauti za katikati huandikwa upya. Mahali pengine ni bora kuacha kabisa sauti nne, akaimba kiongozi na wote wakaitikia, jambo ambalo akina baba hawa walilifanya kando ya moto bila kufundishwa na mtu. Padre Stephen Mbunga, yule aliyetunga Misa Baba Yetu, alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, mwaka uleule Mtaguso ulipotoa hati yake ya Liturujia. Hatuwezi kusema hatukuonyeshwa njia. Kila wimbo ungetuchukua jioni mbili tu kuuandika upya. Ilikuwa kazi yetu, na hatukuifanya.

Badala yake, yubilei ya parokia ilipokaribia na kamati ikatuuliza kwaya ya akina baba itaweza kuimba Misa ile, tulijibu kitaalamu. Tulisema waazimwe teno wanne na besi wawili kutoka mjini, vijana tunaowafahamu, wawaongezee nguvu. Kamati ikakubali, ikatafuta nauli, chakula na bahasha ya kila mmoja. Vijana wakaja Jumamosi jioni, wakapitia nyimbo mara moja, wakalala.

Asubuhi likazuka suala la sare. Mashati ya kitenge yalikuwa kumi na manne, yaliyoshonwa kwa michango ya wenyewe ya miezi kadhaa. Wageni walikuwa sita. Kwaya isingependeza kama wengine wana kitenge na wengine wana mashati meupe. Basi tukaomba akina baba sita wavue. Tulisema “waimbaji wa ziada watakaa benchi la nyuma waitikie kutoka pale.” Maneno hayo yalitoka vinywani mwetu, hatumsingizii mtu.

Hatutasema uongo: kwaya iliimba vizuri sana. Watu walipiga simu wakirekodi. Mmoja wa wale sita, mzee besi ambaye ndiye aliyezima ile spika msibani, alikaa karibu na mlango akiwa na koti lake, na hatukumwona akifungua kinywa hata kwenye Utukufu.

Alhamisi iliyofuata walikuja mazoezini watano.

Tulimfuata yule mzee nyumbani. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akaagiza chai. Tulipoomba radhi alisema, “Mafrateri wangu, mimi sikukasirika. Ila lile shati nilidhani ni langu. Kumbe ni la kwaya.” Tumelifikiria neno hilo kuliko mada nyingi za darasani.

Wapo watakaotujibu kwamba Mungu anastahili kilicho bora, na kwamba sikukuu si siku ya kufanyia majaribio. Ni hoja nzito na tuliitumia sisi wenyewe. Lakini wasomaji wetu wa Neno nao hujikwaa, hasa kwenye majina ya Agano la Kale, na hatujasikia parokia inayokodi msomaji kutoka mjini kwa bahasha. Tunamkalisha msomaji chini, tunamfundisha, tunampangia. Kwa nini mwimbaji awe tofauti? Hati ya Mtaguso juu ya Liturujia, namba 29, inawataja wanakwaya pamoja na watumishi wa altare na wasomaji, na kusema wote hao wanatimiza huduma halisi ya kiliturujia. Anayehudumu haondolewi kwenye huduma yake siku ya sikukuu kwa sababu amepatikana mwenye sauti tamu zaidi, kama vile mama hapishwi jikoni kwake siku ya Krismasi kwa kuwa kuna mpishi wa hoteli.

Kiswahili kina neno zuri kwa watu kama hawa. Tunasema ngumi za ridhaa, michezo ya ridhaa, tukimaanisha wasiolipwa. Lakini ridhaa ni kukubali kwa moyo, na mlinzi anayetoka zamu akaimba kabla ya kulala amekubali kweli. Ukileta mtu wa bahasha ukamvika shati la mtu wa ridhaa, huko si kuongeza nguvu. Umebadilisha kwaya na kuliacha jina.

Aristotle, katika kitabu cha nane cha Siasa, anauliza kama raia huru ajifunze kuimba na kupiga ala mwenyewe au asikilize tu wataalamu. Anajibu kwamba ajifunze, kwa sababu ni vigumu kuwa mwamuzi mzuri wa jambo ambalo hukushiriki kulitenda. Tulilisoma hilo na kulifanyia mtihani. Halafu tukaenda parokiani, tukawa waamuzi wa kuimba msibani bila kuwahi kulala hata msiba mmoja na hao tuliowaamua.

Tuseme na upande wa pili, maana tukiandika sifa tupu akina baba wenyewe watatucheka. Wanachelewa. Siku ya mechi kubwa hakuna mazoezi, hata tukitangaza mara tatu. Wapo wawili wasiokubali kusahihishwa na kijana, na mmoja anaamini kwamba sauti nzuri ni ile inayofika barabarani. Mtu mwenye haki ya kuimba sikukuu ana deni la Alhamisi. Sisi tungependa sheria iwe moja: asiyehudhuria mazoezi haimbi Dominika, hata kama ndiye teno pekee anayefika juu. Hiyo itawauma walio hodari zaidi, na iwaume.

Pia hatukubaliani na wanaoitetea kwaya hii kwa kusema ni chambo cha kuwavuta wanaume kanisani, ili UWAKA ipate wanachama. Watu wazima wanajua wanapovuliwa. Wala hatuitetei kama kurudisha enzi za zamani. Mwaka 1903 Papa Pius X aliagiza sauti za kike katika kwaya za kanisa ziimbwe na wavulana, wanawake wasiwemo. Kufikia hati ya Musicam Sacram ya mwaka 1967 Kanisa linataja kwaya za wanaume na wanawake pamoja bila shida, na ukweli ni kwamba pasipo akina mama parokia zetu zingekuwa kimya. Kwaya ya akina baba tunaitetea kwa kuwa inafanya kazi ambayo hakuna mwingine anayeifanya. Jumatano saa nane mchana, makaburini, juani, wageni wa mjini hawapo.

Hati hiyo ya 1967 inasema vilevile kwamba wanakwaya wapewe malezi ya liturujia na ya kiroho pamoja na yale ya muziki. Kwa hiyo pendekezo letu kwa kamati za sikukuu ni hili: ile fedha ya nauli na bahasha itumike miezi mitatu kabla, kumlipia mwalimu mmoja aje kila juma, aandike sauti upya, afundishe, na siku ya sikukuu akae benchi pamoja na waamini. Vijana wa mjini wakija kuimba, waje na sare yao na waimbe wimbo wao baada ya Misa. Tutafurahi kuwasikiliza.

Tangu yubilei tumeandika upya nyimbo nne, mbili za maziko na mbili za matoleo. Waliorudi sasa ni kumi na mmoja. Yule mzee alirudi wiki ya tano, kwa sababu alifariki jirani yake. Alikuja kwa ajili ya marehemu, si kwa ajili yetu, naye alitueleza hivyo waziwazi. Besi yake tulikuwa tumeiandikia mahali pa juu kidogo, akaishusha mwenyewe, na alikuwa sahihi.

Mwezi ujao kuna upadrisho. Kamati imeshatuuliza kama tunao bado wale vijana kwenye simu. Tumejibu kwamba tunao, na kwamba hatutawapigia. Mwenyekiti hakupendezwa, na pengine siku hiyo kutakuwa na mngurumo kidogo kwenye wimbo wa mwanzo. Mashati yale yamefuliwa na kurudishwa kwenye kabati la sakristia. Kumi na matatu yamechukuliwa au yametajwa na wenyewe. Mzee anaimba na koti lake.