Tunawabatiza, Kisha Tunawangoja Kipaimara

Nilipokuwa mchungaji kijana katika usharika mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, nilimrudisha nyuma mwanafunzi mmoja wa Kipaimara mara mbili. Alikuwa na miaka 14, mfupi kiasi kwamba wenzake walikuwa wamempa jina la utani ambalo sitaliandika hapa, na Katekisimo Ndogo haikumwingia kichwani. Amri ya kwanza aliijua. Tukifika ya nne, alikuwa ameshazichanganya zote. Siku moja nilimwambia mbele ya darasa kwamba ni mvivu.

Jioni ile bibi yake alikuja nyumbani. Hakuja kulalamika, alikuja kuomba. "Baba Mchungaji," alisema, "huyu alichelewa kutembea, na kusema alichelewa. Mama yake alilima na mimba yake hadi siku ya uchungu. Alipoachishwa ziwa alikulia uji mtupu. Mwekee tu mikono kama wenzake." Alipoondoka nilikwenda ofisini nikafungua daftari la ubatizo. Nilimkuta: alibatizwa akiwa na miezi 4, wasimamizi 2, sahihi ya mchungaji aliyenitangulia. Kati ya mstari ule na daftari langu la Kipaimara, usharika haukuwa na neno hata moja juu ya mtoto huyu.

Siwezi kuapa kwamba uji ule ndio uliomzuia kukariri. Lakini naweza kuapa kwamba hatukuuliza. Tulimpokea mbele ya madhabahu, tukampigia makofi, tukamwacha, kisha tukamngoja akiwa mkubwa ili tumpime kwa kile ambacho hatukumsaidia kukijenga.

Wapendwa, sisi Walutheri tunajivuna, na kwa haki, kwamba tunawabatiza watoto wachanga. Wenzetu wanaobatiza watu wazima tu wakituuliza mtoto wa miezi 3 anaelewa nini, tunawajibu kwamba neema haingoji akili, kwamba mtoto yule ni mshiriki kamili wa mwili wa Kristo kama mzee wa kanisa wa miaka 70. Nafundisha hivyo chuoni na naamini hivyo. Lakini tazameni ratiba zetu na bajeti zetu. Zinasema kinyume kabisa. Zinasema mtoto mchanga ni mgeni aliyepita siku moja na nguo nyeupe, atarudi Shule ya Jumapili akiweza kukaa kimya.

Na hiyo miaka tunayomwacha ndiyo ile ambayo Mungu anafanya kazi kubwa kuliko zote katika mwili wake. Wataalamu wa lishe huzungumzia siku 1,000: kama 270 za tumboni, halafu 365 za mwaka wa kwanza na 365 za mwaka wa pili. Mrija ambao ndani yake hutokea ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya wiki 4 hivi tangu mimba kutungwa, na wanawake wengi wakati huo hawajajua hata kama wana mimba. Ndiyo maana asidi ya foliki inatakiwa iwepo mwilini mwa mama mapema. Akingoja mpaka tumbo lionekane ndipo aende kliniki, kazi ile imeshapita. (Nasi tunakaa na wachumba wiki nyingi za mafundisho ya ndoa, tukiwaeleza utii na uvumilivu, na hili hatulitaji!) Kuanzia mwezi wa sita hivi mtoto husikia sauti kutoka nje, na akizaliwa huitambua sauti ya mama yake. Kwaya ya usharika ameshaihudhuria kabla hatujamwandika popote. Akifikisha miaka 2, ubongo wake una ukubwa wa kama asilimia 80 ya ubongo wa mtu mzima. Ubongo ule umejengwa kwa chakula alichokula mama, kwa maziwa yake, na kwa kile kilichofuata baada ya miezi 6.

Sasa tujitazame nyumbani. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5, asilimia 30 wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao kwa sababu ya utapiamlo wa muda mrefu. Mkoa gani unaongoza? Si ule wa ukame. Ni Iringa, ambako ni zaidi ya nusu ya watoto. Njombe na Rukwa wanafuata, nako ni kama nusu. Hii ndiyo mikoa inayolilisha taifa mahindi. Mahindi yapo, viazi vipo, maharage, maziwa, parachichi za kupakia malori. Na makanisa yetu yapo, kengele inasikika kutoka mlima hadi mlima. Kudumaa na Ulutheri vinaishi nyumba moja huku kwetu, na hili linapaswa kutunyima usingizi.

Nikisema hivi mbele ya wazee, jibu la kwanza huwa ni moja: "Mchungaji, sisi ni wafupi kwa ukoo." Hapana. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa vipimo vya ukuaji vilivyotolewa mwaka 2006, lilipima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani ambao walinyonyeshwa vizuri, walilishwa vizuri na kutunzwa. Watoto wale wa Accra, wa Oslo na wa Muscat walikua kwa namna inayofanana sana. Ukoo una sehemu yake kwa mtu mmoja mmoja, lakini nusu ya watoto wa mkoa mzima hawadumai kwa ukoo. Tumemsingizia babu zetu kwa kosa la sufuria.

Jibu la pili ni la kiroho zaidi, nalo linaniudhi zaidi: kazi ya kanisa ni roho, mambo ya uji waachiwe zahanati. Basi tuzifunge hospitali zetu za Ilembula na Ilula, maana hazitibu roho. Na tufute Waamuzi sura ya 13. Pale malaika wa Bwana anamjia mke wa Manoa, na ujumbe wake wa kwanza baada ya kumwambia atapata mtoto ni juu ya kinywa chake: asinywe divai wala kileo, kwa maana amebeba mtoto. Ushauri wa kliniki ya wajawazito unatoka kwa malaika! Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu kwetu msimu wa ulanzi ukifika naona wajawazito wakipewa kikombe na watu wanaojua kuimba tenzi zote, na nimeona mtoto wa mwaka mmoja akionjeshwa ili alale mama akalime. Pombe huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na ubongo unaojengwa hauna kinga nayo. Mtakatifu Luka naye, katika sura ya 2 mstari wa 52, hakuona aibu kuandika kwamba Yesu alizidi kukua katika hekima na kimo. Kimo. Mwana wa Mungu alikuwa na urefu wa kupimwa, na mtu alimpikia.

Kuna jambo jingine nitalisema hata kama litawachoma baadhi yetu. Kuhusu utoaji mimba tunahubiri kwa sauti kubwa, na mimi nimehubiri. Tunasema aliye tumboni ni mtu. Kisha tunatoka ibadani tunampita barabarani mwanamke wa mimba ya miezi 8, debe la mahindi kichwani, mtoto mwingine mgongoni, mume mbele na mikono mitupu. Tunamwamkia, "Bwana asifiwe, mama." Kama aliye tumboni ni mtu, huyo mtu alikuwa anabebeshwa mzigo mbele ya macho yetu, na hatukufungua kinywa.

Na tuje kwenye mnada. Kila mshiriki anajua mnada wa Jumapili. Ibada imekwisha, tumesimama nje, zile sadaka za mazao zinanadiwa: mkungu wa ndizi, kuku, kisado cha maharage, mayai. Yai moja linaanzia shilingi 500, mwalimu anapandisha, mfanyabiashara anapandisha, watu wanacheka, linafika elfu 5. Ni jambo zuri, nalipenda, kanisa nililobatiziwa mimi mwenyewe lilipauliwa kwa minada ya namna hiyo. Lakini muulizeni aliyelileta yai lile. Mara nyingi ni mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu nyumbani. Mtoto huyo tangu wiki ianze amekula uji wa mahindi na chumvi. Mama mwenyewe alipokuwa na mimba aliambiwa asile mayai, eti mtoto atazaliwa bila nywele. Kwa hiyo yai lilimruka alipokuwa tumboni, likamruka alipokuwa nje, likaja kwetu, likanunuliwa na mtu ambaye kwake kuna trei nzima. Sisi tukasema Amina.

Simlaumu mama. Nataka hili lieleweke, kwa sababu kila somo la lishe huku kwetu huishia kuwa hukumu juu ya wanawake. Mama anajua mtoto wake ana njaa. Msimu wa kupanda anaondoka alfajiri, anamwacha mdogo na dada wa miaka 7 na chungu cha uji baridi, kwa sababu shamba ni kubwa na mikono ni yake peke yake. Fedha ya mahindi yaliyouzwa haiko kwenye kanga yake. Nani alimfundisha mumewe? Manoa aliposikia habari ile, aliomba malaika arudi awafundishe namna ya kumlea mtoto atakayezaliwa. Ni mwanamume aliyeuliza. Luther naye mwaka 1522, katika maandiko yake juu ya ndoa, alimtetea baba anayefua nepi za mtoto huku watu wakimcheka: alisema Mungu na malaika wake wanaifurahia kazi ile. Miaka zaidi ya 500 imepita, na sisi tunaojiita kwa jina lake bado tunaona aibu kumbeba mtoto njiani kwenda kliniki. Mimi pia. Mke wangu alikwenda peke yake kwa mtoto wetu wa kwanza, kila mara, nami nilikuwa chuoni nikiandika insha juu ya ubatizo.

Chakula si chote. Mtoto hukua kwa kujibiwa. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga, halafu kwa dakika chache wawatazame kwa uso usiotikisika, bila tabasamu wala neno. Mtoto hujaribu kila alichonacho: hucheka, hunyoosha mikono, hupiga kelele. Asipojibiwa hugeuza uso na kulia. Kila Jumapili tunamaliza ibada kwa baraka ya Haruni, tukiomba Bwana atuangazie nuru za uso wake. Mtoto wa miezi 6 haelewi maneno yale, lakini anajua uso ulioangazwa na uso uliozimwa. Anauona uso gani kanisani kwetu? Anauona wa mzee wa zamu akimwonyesha mama yake mlango kwa sababu amelia. Na yule wa miaka 2 anayesema "sitaki" na kuuliza "nini?" mara arobaini tunamwita mkaidi, tunamchapa. Anajifunza kusema, jamani. Miaka 12 baadaye tutamtaka aseme Katekisimo, na Katekisimo imejaa swali hilo hilo: maana yake nini?

Mwezi uliopita, katika mtaa ninakosaidia ibada, nilipeleka pendekezo kwa Baraza la Wazee: mayai ya mnada wa Jumapili moja kila mwezi yasinadiwe, yagawiwe kwa wajawazito na wenye watoto chini ya miaka 2, na akina baba ndio waje kuyachukua, wakae nusu saa na muuguzi. Mzee mmoja alisema ni wazo jema. Mwingine aliuliza kama tutawapa na wasiotoa ahadi. Mhazini aliuliza mayai hayo yataandikwa kwenye fungu gani, maana hayatakuwa mapato. Nilimwambia ayaandike kwenye ubatizo. Walicheka kidogo, kikao kikaahirishwa. Iko kwenye ajenda ya mwezi huu, namba 7, baada ya rangi ya ukuta wa mbele.