Si kila kejeli lazima ichekeshe

Wasee, kuna hii maneno tunapenda sana: "Tulia, ni meme tu." Mimi sikubali, na shahidi wangu ni jamaa Mfaransa anaitwa Honoré Daumier.

Paris ya miaka ya 1830, magazeti ya kejeli ya Charles Philipon, La Caricature na Le Charivari, yalitegemea litografia. Unachora na kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, unalilowesha maji, halafu wino unashika pale ulipochora pekee. Hakuna kuchonga, kwa hivyo kazi ni ya haraka. Na hata mtu hajui kusoma, akipita dirisha la duka anaelewa.

Serikali iliingiwa na baridi. Philipon aliposhtakiwa 1831 kwa kumtusi Mfalme Louis-Philippe, alijitetea kortini kwa kuchora kichwa cha mfalme kikigeuka pole pole kuwa tunda la pea. Daumier naye akamchora mfalme kama jitu linalomezeshwa pesa za maskini kwa vikapu. Akapewa miezi sita jela.

Lakini mchoro wake ulioniuma hauna utani hata kidogo. Aprili 1834, wanajeshi waliingia nyumba moja ya mtaa wa Rue Transnonain wakaua wakaaji. Daumier alichora chumba baadaye: baba na nguo ya kulala, amelala chini kando ya kitanda, na mtoto amekufa chini yake. Mfalme hayuko. Askari hawako. Serikali ilinyakua nakala zake, na 1835 sheria ikasema hakuna mchoro kuchapishwa bila ruhusa. Maandishi hayakuwekewa sharti hilo. Si hiyo inakuambia kitu?

Najua mtasema kicheko kinasaidia watu wapumue. Kweli, na ile pea ilifanya kazi yake. Shida ni vile sisi hukwama hapo kwa pea. Tunacheka tumbo la mheshimiwa, tunacheka kofia yake, na yeye mwenyewe anacheka na sisi. Aliyeumizwa haonekani kwa picha.

Kwa hivyo kabla uposti, jiulize: huyu mkubwa angetaka hii ifutwe, ama ataisambaza mwenyewe? Kama ataisambaza, manze, umemfanyia kampeni ya bure.