Kundi la Australia limetoka Spotify: ni nani anashika mizani?

Mwezi wa saba wa mwaka 2025, kundi la muziki wa rock kutoka Melbourne, Australia, jina lake King Gizzard & the Lizard Wizard, lilitosha nyimbo zake kwenye Spotify. Sababu yao: Daniel Ek, mumoja wa waanzishaji wa Spotify, ameweka feza nyingi katika Helsing, kampuni ya Ujerumani yenye kutengeneza vyombo vya vita. Mwezi wa sita tu walikuwa wametosha albamu mupya, Phantom Island, kupitia kampuni yao wenyewe, p(doom) records.

Wengine watauliza: mambo ya rock inatuhusu nini, sisi watu wa mine? Inatuhusu juu ya swali moja lenye kila muchimbaji analijua: kazi ikiisha, ni nani anashika mizani?

Muchimbaji anashuka mu shimo, anapandisha mufuko, anaupeleka ku depo. Pale munuzi ndiye mwenye mizani, ndiye mwenye chombo cha kupima teneur, tena ndiye anasema bei. Mu muziki ni vile vile. Kundi linasaini na kampuni kubwa. Kampuni inalipa studio na matangazo. Lakini mara nyingi kanda ya asili, ile yenye kuzaa kopi zote, inabakia mali ya kampuni, na feza ya studio inakatwa kwanza ku sehemu ya waimbaji. Spotify nayo iko na sheria yake: tangu 2024, wimbo wenye haufikishi kusikilizwa mara 1000 kwa mwaka haulipwi kitu.

King Gizzard walitafuta njia ingine. Mwaka wa 2017 walitosha albamu tano. Ya ine, Polygondwanaland, waliigawa bure tarehe 17 mwezi wa 11. Waliweka kanda ya asili kwenye intaneti: mwenye kutaka atengeneze sahani na auze. Kampuni ndogo za inchi mbalimbali zikafanya vile. Kisha kutoka Spotify, waliacha watu wajichagulie bei ya albamu zao kwenye Bandcamp. Bandcamp nayo inakata sehemu yake, kwa kawaida 15 kwa 100 ya nyimbo zenye kuuzwa kwenye intaneti. Kujitegemea si kukosa mutu wa katikati. Ni kujua mbele atakata ngapi, na kuweza kumuacha.

Lakini tusidanganyane. Kundi hili lilianza 2010, na Phantom Island ni albamu yao ya 27. Watu wanawafuata popote wanaenda. Kundi la vijana lenye halijulikani likitoka leo peke yake, ni lenyewe litalala njaa, Spotify haitasikia kitu. Ni sawa na muchimbaji mumoja mwenye kukatala bei ya depo wakati ku nyumba bunga imeisha. Kesho atarudia na mufuko ule ule, na bei itakuwa imeshuka.

Nguvu inatoka wapi basi? Kujua teneur ya mali yako mbele ya munuzi, kuwa na wanunuzi zaidi ya mumoja, na kuwa wengi. Sheria ya mine ya 2018 inaomba wachimbaji wa mikono waingie mu koperative. Ni muzuri, lakini koperative yenye haina mizani yake ni depo ya pili tu.

Na ninyi ba papa na ba mama wenye watoto wanaimba, Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi: mbele mutoto asaini, muulize mambo matatu. Kanda ya asili itabakia kwa nani? Kwa miaka ngapi? Ni gharama gani zitakatwa kwanza? Kama hakuna jibu kwenye karatasi, kalamu ibakie mu mufuko.