Pikapu ya familia na tamaa ya V8

Msomaji mmoja wa Fuoni, baba wa watoto watatu, ameniandikia kuhusu Hilux yake. Alfajiri gari hiyo hubeba samaki kutoka diko la Malindi, baadaye hupeleka watoto skuli, na jioni huenda tena mjini. Injini ni 2L ya dizeli, imechoka na inatoa moshi. Rafiki zake wanamshawishi aitoe aweke V8 ya petroli, ile 1UZ ya Crown na Lexus za zamani. Mkewe anataka fedha hizo ziwekwe kwa mahitaji ya skuli na dawa, maana mtoto wao wa kati ana pumu. Anauliza mimi nasemaje.

Huenda baadhi yenu mkashangaa kuona injini kwenye ukurasa huu. Lakini gari inayobeba watoto kila siku ni kama chumba cha nyumba, na hewa ya chumba hicho ndiyo wanayoivuta.

Kwanza tuangalie nguvu zenyewe. Unguja kutoka ncha hadi ncha haifiki kilomita 90, na kilima chake kirefu kabisa ni kama mita 120 tu juu ya bahari. Pikapu ikitembea kilomita 80 kwa saa kwenye barabara tambarare hutumia nguvu farasi baina ya 20 na 30. Ile 2L ikiwa nzima hutoa 80 na ushei. V8 hutoa zaidi ya 250. Sasa hizo nyengine zitakwenda wapi, kwenye foleni ya Mwanakwerekwe?

Mafuta yana hesabu yake. Tuseme gari inatembea kilomita 30 kwa siku. V8 katika safari za mjini hupata kama kilomita 5 kwa lita, kwa hiyo ni lita 6. Dizeli nzima ya aina hii hupata kama 10, yaani lita 3. Kwa siku 26 za kazi tofauti ni lita 78 kila mwezi. Chukua bei ya mwezi huu iliyotangazwa na ZURA, uzidishe, kisha mwonyeshe mama watoto. Na hapo hatujagusa gia boksi, nyaya, shafti, rejeta kubwa na breki, ambavyo vyote hubadilika injini ikibadilika.

Breki ndizo zinazonitisha zaidi. Ukiongeza mwendo kutoka 60 hadi 80, umbali wa kusimama tangu unapokanyaga breki hukaribia kuwa mara mbili. Hilux ya zamani ina ngoma nyuma, na imetengenezwa kwa injini ya mwendo wa pole. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza duniani kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29.

Lakini simwambii aiache 2L kama ilivyo. Moshi mweusi ni dizeli isiyoungua vizuri. Mara nyingi nozeli zimechakaa, filta ya hewa imeziba, au fundi amezungusha skrubu ya pampu ili gari “ivute”. Huo mtindo wa skrubu tuuache. Dizeli ikizidi bila hewa kuzidi, kinachoongezeka zaidi ni masizi na joto. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa mtoto mwenye pumu madhara hayasubiri miaka: chembe zake huwasha njia za hewa na kifua hubana siku hiyo hiyo.

Tena wengi hukaa nyuma, chini ya turubai, mlango wa nyuma ukiwa wazi. Gari ikitembea, hewa huvutwa ndani kutoka nyuma, na moshi wa ekzosi huja nayo. Hapa petroli ina hatari ya peke yake, kwani hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Watoto wakiamka na kichwa kizito kila wakipanda gari, angalia bomba la ekzosi kabla hujawapa panadoli.

Basi aweke nini? Mimi ningechagua 3L au 5L. Ni ukoo mmoja na 2L, kwa hiyo hukaa pale pale na gia boksi ile ile bila ya kukata bodi. Hazina turbo wala kompyuta, na mafundi wa hapa wanazijua kwa kupapasa. Nguvu zake ni kama farasi 90 hadi 100, na zinavuta mzigo vizuri kwa mwendo mdogo, ndiyo kazi ya gari ya samaki.

Akiona hiyo ni ndogo, ipo 1KZ yenye turbo, farasi 125 na zaidi. Hiyo inakwenda kweli. Ila hedi yake ina sifa ya kupasuka ikipata joto, na sisi tuna fundi anayeng'oa thamostati kila gari ikichemka, kana kwamba hiyo ndiyo mgonjwa. Anayeitaka 1KZ aweke rejeta mpya, maji ya kulezi badala ya maji ya bomba, na geji ya joto anayoiangalia. 1KD ni tamu zaidi, lakini nozeli zake hazivumilii mafuta machafu na ni ghali.

Kabla ya yote, baba huyu alale chini ya gari na nyundo ndogo aigonge chesesi. Maji ya samaki yana chumvi, na pikapu nyingi za kazi hiyo huliwa kutoka chini huku juu zikin'gara kwa rangi. Ikitoboka, injini yoyote ni hasara.

Na siku ya kununua injini ya mtumba, aichukue na karatasi zake. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na ikibadilika lazima usajili na bima vibadilishwe. Ajali ikitokea namba hazilingani, bima inaweza kukataa kulipa, na hospitali mtalipa wenyewe.