KOMPYUTA HAIKATAI: ANAYEKATAA NI MTU

Siku hizi kuna neno linalosikika kila mahali, kuanzia ofisi za mishahara viwandani hadi kwenye madirisha ya kugawia posho. Mchumaji wa chai akiuliza kwa nini kilo zake zimepungua, huambiwa, "Kompyuta imekataa." Mama akiuliza kwa nini jina lake halimo katika orodha, huambiwa sistimu haimtambui. Neno hilo hukata mazungumzo. Muulizaji hurudi nyuma, kwani nani atabishana na chuma?

Sisi tunaoandika makala haya ni waandishi wa programu za kompyuta. Baadhi yetu tunaishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, na wengine ni wenyeji wa mji wa Mbarara. Tunaishi kwa jasho letu kama ninyi, ingawa letu hututoka tukiwa tumekaa kitini. Kwa kuwa tunajua jinsi vitu hivi vinavyotengenezwa, tunaona ni wajibu wetu kuwaeleza wenzetu bila kuficha. Msimamo wetu ni huu: kompyuta haikatai. Anayekataa ni mtu, na mtu anaweza kuulizwa.

VITU VITATU VINAVYOCHANGANYWA

Watu huchanganya vitu vitatu, na wakubwa hufaidika na mchanganyiko huo. Hatuna budi kuvitenganisha.

Cha kwanza ni zana. Programu ya kutunza orodha ya wafanyakazi au ya kupiga hesabu ni zana kama jembe na panga. Haina nia njema wala mbaya. Humrahisishia karani kazi iliyokuwa ikimchukua siku tatu, na hilo ni jambo jema.

Cha pili ni algorithimu. Jina ni gumu lakini jambo lenyewe ni jepesi: ni hatua zilizopangwa, moja baada ya nyingine. Chemsha maji, tia unga, songa, epua. Hiyo ni algorithimu ya kupika posho. Pima majani, andika kilo, zidisha kwa bei, toa makato. Hiyo ni algorithimu ya mshahara wa mchumaji. Ilikuwapo hata karani alipotumia kalamu na daftari. Tofauti ni kwamba daftari mlikuwa mkiliona, na hatua zilizo ndani ya kompyuta hamzioni.

Tuchukue mfano wa hatua moja tu. Tuseme mizani inaonyesha kilo 12.7, na programu imeandikwa iache desimali na kuhesabu kilo 12. Kwa wastani mchumaji hupoteza nusu kilo kila anapopima. Akipima mara tatu kwa siku, kwa siku 26 za kazi, amepima mara 78, na zimepotea kilo 39 kwa mwezi. Shamba likiwa na wachumaji 500, hizo ni kilo 19,500, yaani tani kumi na tisa na nusu za majani mabichi ambayo yamechumwa, yamesagwa na kuuzwa, lakini hayakulipiwa. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinachojaa si cha mchumaji.

Sisi tunaofanya kazi hii tunajua kwamba hatua ya namna hiyo ni mstari mmoja wa maandishi. Kuubadilisha ili desimali ihesabiwe huchukua dakika chache. Kwa hiyo mkiambiwa kwamba ndivyo mashine ilivyo, jueni hiyo si kweli. Mtu aliagiza iwe hivyo, au mtu alizembea na hakuna aliyemuuliza.

Kitu cha tatu ni modeli, na hiki ndicho kinachoitwa akili mnemba. Modeli haiandikiwi hatua moja moja. Hupewa mifano mingi sana, nayo hutafuta yenyewe mambo yanayofanana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walifundisha simu kutambua magonjwa ya muhogo kwa kuionyesha picha nyingi za majani, mazima na yenye ugonjwa, zilizokwisha kupewa majina na wataalamu wa mimea. Ndivyo pia zilivyotengenezwa modeli zinazoandika barua na kujibu maswali, kama ile ya ChatGPT iliyotolewa Novemba 2022. Zimelishwa maandishi mengi mno, na kazi yao ni kukisia neno linalofuata.

Modeli hujua kile ilicholishwa. Ukiiuliza kwa Kiingereza hujibu kwa ufasaha. Ukiiuliza kwa Kinyankole au Kibembe hubabaika, si kwa sababu lugha hizo ni duni bali kwa sababu maandishi yake ni machache. Ndiyo maana tunawapongeza wale wa Makerere na Sunbird AI waliokusanya sentensi za Kiganda, Kinyankole, Kiacholi, Kiteso na Kilugbara ili kompyuta zijifunze lugha za nchi hii.

MODELI HURITHI DHAMBI ZA ZAMANI

Ndugu zetu, hatari ya modeli ni tofauti na hatari ya algorithimu ya kawaida. Mstari wa kuacha desimali unaweza kuoneshwa kwa kidole. Katika modeli hakuna mstari wa kuoneshwa.

Tuseme mwajiri ananunua modeli ya kumchagulia vibarua watakaohudhuria kazini bila kukosa. Anailisha madaftari ya miaka kumi. Ndani ya madaftari hayo wanawake waliojifungua walikosa kazi. Wakimbizi walikosa siku za kuhakikiwa na siku za kugawiwa chakula. Modeli haitaandika popote kwamba wanawake na wakimbizi wasiajiriwe, lakini itawashusha chini ya orodha, na meneja atasema kwa moyo mweupe kwamba yeye hana ubaguzi, kwani ni kompyuta iliyochagua. Ubaguzi wa jana umegeuzwa kuwa hesabu ya leo.

Wala tusidanganyike kwamba kompyuta haikosei. Huko Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, mamia ya wasimamizi wa ofisi ndogo za posta walishtakiwa kwa wizi kwa sababu programu ya hesabu iitwayo Horizon ilionyesha upungufu wa fedha. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Programu ndiyo iliyokuwa na kasoro. Ilichukua hadi mwaka 2024 Bunge la nchi hiyo kupitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Ikiwa hayo yaliwapata watu wenye mawakili na magazeti, mchumaji wa Buhweju au mbeba mikungu wa Isingiro atakuwaje akiwa peke yake?

MAKUNDI MATATU

Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958, na leo ina watu zaidi ya 150,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Watu wake wamekwisha kuzoea kuwekwa katika mashine. Mwaka 2018 wakimbizi wa Uganda nzima walihakikiwa kwa alama za vidole na picha za mboni za macho. Hesabu yao ikashuka kutoka milioni 1.4 hadi karibu milioni 1.1. Hatupingi uhakiki, majina hewa ni wizi wa chakula cha wanyonge.

Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu. La kwanza lilipata asilimia 60 ya posho kamili, la pili asilimia 30, na la tatu, lililohesabiwa kuwa linaweza kujitegemea, halikupata kitu. Mei 2025 watu karibu milioni moja waliondolewa katika msaada huo kwa ukosefu wa fedha. Hatusemi kwamba kompyuta ndiyo iliyokula chakula. Fedha za wafadhili zilipungua, na kikapu kikipungua hapana budi kuchagua. Tunasema hivi: familia inapowekwa katika kundi la pili au la tatu, ina haki ya kujua ni jambo gani lililoiweka humo, na nani wa kumwendea ikiwa habari zake ziliandikwa vibaya.

Jambo hili linawahusu wafanyakazi wote, hata wenyeji wasiopokea posho. Mtu aliyekatiwa chakula huenda kutafuta kibarua kwa bei yoyote. Kima cha chini cha mshahara cha nchi hii bado ni kile cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na mswada wa kima kipya uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukutiwa saini. Kwa hiyo orodha inayotengenezwa Nakivale hushusha ujira katika mashamba ya ndizi na viwanda vya maziwa vya Mbarara. Adui wa kibarua mwenyeji si mkimbizi. Mkimbizi anayo haki ya kufanya kazi kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006. Ajiunge na chama, alipwe sawa, na mlango wa unyonyaji utafungwa kwa wote wawili.

NI NANI ALIYEILISHA?

Mabwana wa kampuni kubwa hupenda kusema kwamba akili mnemba inajifunza yenyewe. Kuna jasho la watu ndani yake. Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilifichua kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliosoma na kuweka alama maandishi machafu, ili ChatGPT ijue kuyaepuka, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Machi 2024 Remotasks, iliyogawa kazi za namna hiyo kwa njia ya intaneti, iliacha kazi Kenya, na vijana wakabaki na akaunti zilizofungwa bila meneja wa kumlalamikia.

Lakini hawakukaa kimya. Tarehe 1 Mei 2023, Sikukuu ya Wafanyakazi, zaidi ya wafanyakazi 150 wanaochuja na kuweka alama habari za Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao. Huo ni ushahidi kwamba hata kazi ya mbele ya kioo ni kazi, na anayeifanya ni mfanyakazi.

Sisi waandishi wa programu pia hatumo nje ya chungu hiki. Modeli sasa zinaandika programu. Tunazitumia kila siku, na tunakiri kwamba zinasaidia: kazi ya asubuhi nzima humalizika kwa saa moja. Lakini huandika uongo kwa sauti ileile inayoandikia ukweli, na ni mtu mwenye ujuzi tu anayeweza kuutambua. Wateja wetu wameona haraka hiyo, nao wanataka kulipa nusu. Hawataki kulipia kukagua, ambako ndiko kwenye kazi. Mchuma chai wa Kericho ataielewa habari hii. Mashine za kuchuma zilipoletwa, chama cha wafanyakazi wa mashamba cha Kenya kilizipinga mahakamani miaka mingi, na Mei 2023 baadhi ya mashine zilichomwa moto. Tunaielewa hasira hiyo, ila hatushauri moto. Mashine moja ikiungua, mwajiri hulipwa na bima na huagiza nyingine. Swali la kushikilia ni hili: muda uliookolewa na mashine ni wa nani?

TUDAI NINI?

Sheria ya Uganda ya Kulinda Habari za Mtu, ya mwaka 2019, inampa kila mtu haki ya kumwandikia anayetunza habari zake na kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Wachache wanaijua. Sheria isiyojulikana ni kama jembe lililotundikwa darini. Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi lipeleke mambo haya katika majadiliano ya mkataba wa pamoja:

Kwanza, programu yoyote inayopima kazi au kukokotoa mshahara ielezwe hatua zake kwa maandishi, kwa lugha inayoeleweka na wafanyakazi, kabla haijaanza kutumika.

Pili, kila mfanyakazi apewe karatasi ya vipimo vyake vya kila siku pamoja na desimali zake, apate kulinganisha na malipo ya mwisho wa mwezi.

Tatu, hakuna mtu kuachishwa, kunyimwa kazi au kukatwa mshahara kwa neno la kompyuta tu. Awepo afisa mwenye jina na sahihi, na iwepo njia ya kukata rufaa.

Nne, modeli za kuchagua au kupima watu zisiletwe bila chama kushirikishwa na kuona matokeo yake kwa wanawake, wazee na wakimbizi.

Tano, faida inayoletwa na mashine igawanywe: saa zipungue au ujira upande, na wanaoondolewa kazini wafundishwe kazi nyingine kwa gharama ya mwajiri.

Nasi kwa upande wetu tunatoa ahadi. Mwakilishi wa tawi lolote wa Mbarara au Isingiro akituletea karatasi za vipimo na za malipo, tutakaa naye na kuzipitia hesabu mstari kwa mstari. Haihitaji shahada. Inahitaji kalamu, kujumlisha, na watu wasioogopa kuuliza.

Ndugu wafanyakazi, kuanzia leo mkiambiwa kompyuta imekataa, msiondoke dirishani. Ulizeni: imekataa kwa hatua gani? Nani aliyeiandika? Nani aliyemwagiza? Akiuliza mmoja, ataitwa mkorofi. Mkiuliza mia tano, majibu yatapatikana.

Umoja ni nguvu.