Harambee ya uboho isiishie kwenye tikiti ya ndege

Mara kwa mara mimi huletewa kadi ya mchango wa mgonjwa anayepelekwa India kupandikizwa uboho, ama kwa sababu ya saratani ya damu au selimundu. Huwa natoa. Lakini nikiisoma bajeti, huona nauli, "upasuaji" (ambao kwa kweli haupo, maana seli za mfadhili huingizwa mshipani kama damu ya kawaida) na malazi ya majuma machache. Kuvuja damu hakutajwi kabisa.

Hiyo ni kasoro kubwa. Kabla ya kupewa seli za mtu mwingine, mgonjwa hutiwa dawa kali, pengine na miale, ili uboho wake wa zamani uondolewe. Pamoja nao hutoweka chembe sahani, zile zinazoziba mishipa ya damu inapopasuka. Mtu mwenye afya huwa nazo 150,000 au zaidi katika kila mikrolita ya damu. Mgonjwa huyu anaweza kushuka chini ya 10,000, kiwango ambacho kwa kawaida huongezwa nyingine hata kama havuji. Kwa wengi hupanda tena katika majuma machache. Kwa wengine huchukua miezi, hasa seli mpya zikianza kuushambulia mwili uliozipokea. Mashambulizi hayo yakifika utumboni, mgonjwa huweza kuharisha damu. Virusi vya BK navyo huchubua kibofu, mkojo ukatoka mwekundu wenye mabonge. Mapafu na ubongo pia huweza kuvuja, na hapo kifo huwa karibu.

Sasa fikiria mgonjwa aliyerudi Kisumu kabla ya siku 100 kwa kuwa pesa za kodi kule zimekwisha. Anavuja usiku. Chembe sahani hazikai kwenye jokofu. Huhifadhiwa katika nyuzi 20 hadi 24 zikitikiswa mfululizo, na kwa kawaida hudumu siku 5 tu. Lazima mtu awe ametoa damu juzi.

Kwa hivyo kamati ihesabu gharama ya miezi mitatu au zaidi karibu na hospitali, na pamoja na fedha iandikishe watu wenye afya walio tayari kutoa damu kila waitwapo. (Ndugu wa damu wasimtolee kabla ya kupandikizwa bila kumwuliza daktari, kwani mwili wake unaweza kujifunza kuzikataa seli zao.) Aspirini na ibuprofeni za dukani asiguse bila idhini ya daktari. Akiona vidoadoa vyekundu miguuni, choo cheusi kama lami, au kichwa kikimwuma ghafla, asingoje asubuhi.

Tena arudi na barua. Baada ya kupandikizwa, kundi la damu la mgonjwa huweza kubadilika likawa la mfadhili, na damu anayoongezwa hupaswa kupigwa miale kwanza. Daktari wa zamu hawezi kuyajua hayo kwa kumtazama usoni. Barua hiyo ikae mkobani mwa mgonjwa, si kabatini kwa mjomba aliyekuwa mweka hazina.