KUTEMBEA KWA HISANI SIO KIKI, ACHENI KUBEZA!

Kuna watu wakisoma kwamba mzungu katembea siku 15 mashambani kuchangisha hela, komenti ni ile ile: "Si angetoa tu hela abaki kwake?" Wengine wanabandika na vikatuni vya kucheka. Kiki tu hiyo, wanasema.

Haya, chukua wale baba watatu wa Uingereza. Mastaa sio, wanasiasa sio. Kila mmoja alimpoteza binti yake kwa kujiua. Oktoba 2021 wakavaa buti, wakabeba mabegi, wakatembea maili 300. Walianzia kwa mmoja wao Cumbria, kaskazini, wakapitia kwa mwingine maeneo ya Manchester, wakamalizia kwa wa tatu Norfolk, upande wa mashariki. Hiyo ni kama kilomita 480. Yaani Dar mpaka Dodoma kwa mguu, vijiji kwa vijiji, na mioyo ina vidonda kuliko nyayo.

Sasa wangetoa mifukoni mwao, wangetoa shilingi ngapi? Safari ile iliingiza zaidi ya pauni laki 5 kwa PAPYRUS, shirika linalozuia vijana kujiua. Hata muigizaji aliyecheza James Bond alituma pauni elfu 10. Nani angetuma hela hizo kwa wanaume watatu waliokaa sebuleni wanalia?

Na hela sio hata jambo kubwa. Njiani wazazi wengine waliofiwa walitoka kuwapokea na kusimulia ya kwao. Uingereza, kujiua ndiko kunakoongoza kuua watu wa chini ya miaka 35, lakini ni msiba unaonong'onezwa. Na hapa Bongo je? Ukiuliza msibani kijana kafa na nini, unajibiwa "ghafla tu", mada imefungwa. Wale baba walilisema jambo hilo hadharani, mchana kweupe, siku 15 mfululizo.

Mtakuja na hoja ya yule mzee wa miaka 99 aliyezunguka bustani yake mara 100 mwaka 2020. Ni kweli, mwaka 2024 tume inayosimamia mashirika ya hisani kule ilisema ndugu zake walijinufaisha kupitia taasisi yenye jina lake. Inauma, na hasira ni halali. Ila zile pauni zaidi ya milioni 30 alizochangisha kwa ajili ya mashirika ya hisani ya NHS hazikuguswa. Aliyeharibu sio aliyetembea. Daini mahesabu, msitukane miguu ya mtu.

Kiki inakufa kamera ikizimwa. Hawa jamaa walirudi tena barabarani 2022, safari hii maili 600, wakiyaunganisha mabunge yote manne ya nchi ile, wakidai shule zifundishe vijana namna ya kuzuia kujiua. Mtafuta kiki angekuwa ameshahamia kwenye tangazo la sabuni.

Kwa hiyo kabla hujaandika "kiki" kwenye habari kama hii, jiulize ni lini mara ya mwisho ulimtafuta yule mshkaji aliyekuwa mchangamfu, sasa yuko kimya wiki ya pili. Huhitaji maili 300. Mpigie tu simu leo.

Haya, uwanja wa komenti ni wenu.